Majibu ya Beseni Moja la Samaki

Katuba, Lubumbashi, 4 Machi

Mama mkubwa Clotilde,

Nimefaulu mtihani wa awali. Mkaguzi alisoma majina jana saa tano asubuhi, amesimama kwenye ngazi za ofisi yake. Tulijaribu watu sitini na mmoja, tumeruhusiwa kuendelea ishirini na tisa. Jina langu lilikuwa la kumi na saba. Nilimwomba alirudie, akalirudia bila kuinua macho.

Nakueleza maana yake kwa sababu huko Kasomeno watakuuliza. Niliacha shule mwaka wa nne wa sekondari, Baba alipofariki. Sasa nina miaka ishirini na minne. Serikali inamruhusu mtu kama mimi, aliyejisomea mwenyewe, kufanya mtihani wa Taifa pamoja na wanafunzi wa shule, mradi apite kwanza huu wa awali. Karatasi zao zinatuita autodidactes. Mtihani wenyewe unaanza Jumatatu, 2 Juni, na ni wa siku nne. Nimechagua ualimu. Nikipata diploma nitaweza kufundisha shule ya msingi. Nikikosa, nitabaki kwenye cherehani ya Maman Virginie. Si kazi mbaya, lakini si niliyoitaka.

Uliuliza nasoma wapi. Nasoma hapo hapo kwenye atelier ya ushonaji. Simu niliyonunua ili wateja wachague modeli za magauni ndiyo shule yangu. Humo mna vitabu vya programu ya shule na video za masomo. Asubuhi nasoma somo moja kwa sauti na kujirekodi, kisha mchana kutwa nalisikiliza huku miguu inakanyaga cherehani. Maman Virginie anasema, "Leo unajiongelesha. Siku moja utajijibu."

Simu ina pia programu ya kuuliza maswali, nayo inajibu haraka kama mtu aliyeishi kila mahali. Wiki iliyopita iliniambia kwamba mto Luapula unatoka ziwa Moero na kwenda Bangweulu. Kitabu kinasema kinyume. Wewe umenunua samaki Kasenga miaka ishirini. Maji yanaelekea wapi?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mega zangu za intaneti naziweka kwa masomo, na kwa sababu wewe ukitaka mtandao ni mpaka upande kichuguu kilicho nyuma ya depo, na goti lako nalijua. Kapya atapitisha barua zetu kwa lori lake la samaki. Anasema ni abiria wepesi.

Mwanao,
Syntiche


Kasomeno, 11 Machi

Mutoto wangu Syntiche,

Maji yanakwenda Moero. Yanakwenda Moero tangu nilipozaliwa. Mtumbwi wa mtu ukikatika kamba pale Kasenga, hatuendi kuutafuta juu, tunautafuta chini, upande wa ziwa. Mwambie huyo rafiki yako wa ndani ya simu aje siku moja kununua samaki, tutamfundisha bure. Kama amekosea mto mzima, vitu vidogo atavipataje?

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya pili kwa sauti mbele ya wamama wa soko. Mmoja aliuliza unasoma na mwalimu gani. Nikamjibu unasoma na wewe mwenyewe. Walicheka. Na mimi nilicheka kidogo, unisamehe.

Sasa sikia hili. Direkta David wa shule ya msingi ya parokia hana mwalimu wa mwaka wa tano tangu Krismasi. Yule aliyekuwepo alikwenda kutafuta kazi kwenye machimbo. Watoto arobaini na watatu wamegawanywa kwenye madarasa mengine, wanakaa hata dirishani. Nimemwambia mtoto wa mdogo wangu anafanya mtihani, na ni wa ualimu. Amejibu kwamba mtu akimletea karatasi ya matokeo kabla ya Septemba, darasa ni lake. Alisema mbele ya Padri Constantin, kwa hiyo hawezi kugeuka. Kulala utalala kwangu.

Usiache kula. Cherehani na kitabu pamoja vinakausha mtu.

Mama mukubwa wako,
Clotilde


Katuba, 12 Mei

Mama mkubwa,

Asilimia 41, asilimia 38, asilimia 44. Hayo ni matokeo ya majaribio matatu niliyojipa mwezi huu, kwa maswali ya miaka iliyopita, na saa mezani. Kupita ni 50. Hakuna aliyenisahihisha ila mimi, na sikujionea huruma.

Somo la vitendo nililipita, hilo usiogope. Nilifundisha mbele ya wakaguzi watatu mwezi uliopita, na mmoja wao alisahau kuandika kwa sababu alikuwa anasikiliza. Shida ni sayansi. Swali nalielewa, jibu nalijua, halafu naona majibu manne yamepangwa chini yake na yote yananitazama sawa. Nabadilisha. Nikisahihisha nakuta la kwanza ndilo lilikuwa sawa. Mara kumi na moja kwenye jaribio moja.

Wiki iliyopita tulikosa umeme siku nne. Simu naichajia kwa kinyozi mwenye jenereta, nasubiri pale na wanaume wanaonyolewa. Jana nilijirekodi somo la umeme. Nilipolisikiliza, nilisikia mtu asiyeamini anachosema. Nilizima.

Naogopa, Mama mkubwa. Sikuombi kitu. Nilitaka tu mtu mmoja ajue.

Syntiche


Kasomeno, 28 Mei

Mutoto wangu,

Fungua bahasha ndogo iliyo ndani ya hii ukiwa peke yako. Usimwonyeshe Maman Virginie.

Barua yako ya kuogopa ilinikosesha hamu ya kula bukari siku mbili. Nilisema, huyu mutoto amefika mlangoni, atarudije nyuma? Kuna kijana anaitwa Paulin, ametoka mjini, anauza unité, salio la simu, karibu na njia ya Kasenga. Anasema majibu ya sayansi yameshatoka, yanatembea kwenye simu za watu, na watoto wote wa Lubumbashi wanayo. Alisema, "Mama, wanaojifunza kwa simu, njo hii wanajifunza. Ulifikiri ni nini?" Nikaona labda ni kweli. Labda wewe ulikuwa unaona aibu kuniambia.

Amenipa yote arobaini kwa beseni moja la samaki wakavu, wale wazuri. Nimeyaandika kwa mkono wangu, namba na herufi, nimeyahakiki mara mbili. Baba yetu alifanya kazi ya reli Kabalo miaka thelathini na hakutoka na hata skrubu moja ya shirika, kwa hiyo ujue ninachokufanyia.

Jumamosi Kapya atakuletea. Muombe Bikira Maria, halafu usome karatasi.

Clotilde


Katuba, 6 Juni

Mama mkubwa,

Mtihani ulikwisha jana saa saba mchana. Msimamizi wa chumba chetu alisema karatasi zote zimehesabiwa na hakuna iliyopotea. Matokeo yatatoka Julai.

Simu zetu ziliachwa getini kila asubuhi, kwenye ndoo, kila moja na kijikaratasi. Siku ya kwanza nilijiona kama mtu aliyesahau viatu. Wanafunzi wa shule walikuwa na sare. Sisi tuliojisomea tulikaa mstari wa nyuma, mwalimu wa chekechea, askari mstaafu, mimi na wengine wawili. Mtoto mmoja wa mbele alimwambia askari, "Papa, wewe iko unasindikiza nani?" Askari akamjibu kwamba amemsindikiza yeye, asilie.

Siku ya sayansi, swali la tisa lilikuwa la umeme. Majibu manne yakanitazama. Niliandika la kwanza lililonijia, nikaendelea. Nilifanya hivyo mpaka la arobaini. Sikubadilisha hata moja.

Bahasha ilifika Jumamosi. Kapya alinipa mkononi. Juu ya bahasha tutaongea matokeo yakishatoka.

Syntiche


Kasomeno, 19 Julai

Mutoto wangu, mwalimu wangu,

Asilimia 67. Kapya ndiye aliyeleta habari jana, alipiga honi kuanzia kwenye daraja hadi sokoni, watu wakafikiri breki zimekatika. Alisema ameona jina lako kwa macho yake, kwamba Katuba walikumwagia pudre ya kushangilia, ile poda ya watoto, mpaka ukawa mweupe kama mkate usiookwa. Sisi hatukuwa na pudre. Nilimwagia Kapya unga wa mahindi kichwani, kwa niaba yako. Hakukasirika.

Tumepita, mwanangu. Nilikuwa sijui kama mwandiko wangu utasomeka. Jumatano nilikwenda kuungama. Padri Constantin alinipa rozari saba na kunikataza kununua kitu kingine chochote kwa yule kijana. Nimeshamaliza nne. Hazinilemei. Ningenunua tena.

Kuna jambo moja tu. Furaha inalegeza mdomo. Wamama waliponiuliza umepitaje bila mwalimu, niliwaambia kuna mkono uliosaidia, na kwamba mkono huo unanuka samaki. Walicheka sana. Jioni hiyo hiyo habari ilimfikia Direkta David. Leo ameniita. Amesema maneno haya, nayaandika kama alivyoyatoa: "Mama Clotilde, nilitaka mwalimu. Mwalimu wa majibu ya kununua, hapana. Darasa la tano nitampa mwingine."

Nilimwambia kila mtu ananunua. Alifungua mlango ili nitoke.

Usihuzunike. Diploma ni diploma. Shule ziko nyingi.

Clotilde


Katuba, 23 Julai

Mama mkubwa,

Sikusoma orodha yako kabla ya mtihani. Hilo ndilo nililopaswa kukuandikia tarehe 6 Juni, na sikuliandika kwa sababu nilitaka kwanza kuwa na namba mkononi. Nilikosea kunyamaza. Sasa nakueleza kwa mpangilio.

Jumamosi ile nilifungua bahasha ndogo, nikaona safu ya namba na herufi, nikaelewa ni nini. Nikaikunja na kuitia kwenye droo ya cherehani. Jumapili niliifungua droo mara mbili. Karatasi sikuikunjua. Si kwamba mimi ni mtakatifu. Nilijua nikiisoma, sitajua tena kama ninajua.

Niliikunjua tarehe 5 Juni, mtihani ukiwa umekwisha. Haisemi ni ya mfululizo upi wa maswali. Chumbani kwetu maswali yalikuwa ya mifululizo minne. Swali la kwanza la jirani yangu halikuwa la kwanza langu. Nilikaa na kuandika maswali yote ya sayansi niliyoyakumbuka, thelathini na moja. Nikatafuta majibu yake vitabuni, moja moja, nikayaweka pembeni ya yale ya Paulin. Yake yalikuwa sawa sita. Mtoto wa chekechea akichagua herufi huku amefumba macho angepata saba au nane. Yangu yalikuwa sawa ishirini na mawili. Ningeifuata orodha yako, sasa hivi ningekuwa napima kiuno cha mteja.

Kwa hiyo hatukupita, Mama mkubwa. Nimepita mimi.

Nakuandikia hivyo bila hasira, lakini nakuandikia. Mwezi wa Mei nilikwambia naogopa. Sikukwambia sijui. Wewe uliposikia la kwanza ukasikia na la pili. Yule aliyekuambia ninajifunza kwa kununua, ulimwamini kwa siku moja. Mimi nilikuandikia miezi mitatu.

Rozari zilizobaki unaweza kuziacha au kuzimaliza, hilo ni lako na Padri. Samaki wako walikwenda bure. Ninalokuomba ni moja. Kama uliwaambia wamama kwa mdomo wako, uwaambie ukweli kwa mdomo huo huo. Na umwambie Direkta David nitakuja na chaki tu. Achague yeye somo.

Syntiche


Kasomeno, 5 Agosti

Syntiche,

Direkta David amekubali kukusikiliza. Amesema jana: Alhamisi, 14 Agosti, saa tatu asubuhi, mbele ya watoto wa katekisimu, kwa sababu wa shule wako likizo. Somo atakupa siku hiyo hiyo mlangoni.

Kuandika nimechelewa kwa sababu kwa siku nne sikukupenda. Nilikuwa naosha vyombo na kukujibu kwa sauti. Nilikwambia mengi, ni bahati hukuyasikia. Siku ya tano nikachukua barua yako ya Mei nikaisoma upya, na ni kweli, hakuna mahali ulipoomba. Mimi niliachishwa shule mwaka wa pili wa sekondari, na hakuna aliyekuja na kitu, wala kizuri wala kibaya. Nilipoona unaogopa nilikimbia bila kutazama ninakokwenda.

Jumapili, baada ya matangazo, nilimwomba Padri dakika moja. Nilisimama pale mbele. Nilisema, "Bantu ya Mungu, nilisema uongo bila kujua. Nilinunua majibu kwa beseni ya samaki. Mutoto hakuyasoma. Yalikuwa ya uongo, ya kweli yalikuwa sita tu kati ya thelathini na moja. Alipita na kichwa yake. Mimi njo nilikosa kumwamini."

Kisha mzee mmoja wa nyuma akauliza ni samaki gani. Nikamwambia ni wale wazuri. Hapo ndipo walipocheka, na nilijua wamenisikia.

Kwa Paulin nilikwenda Jumatatu na wamama sita. Hatukumpiga. Nilimwomba anieleze jibu la namba tisa, kwa nini ni C. Alisema yeye anauza tu. Mmoja wetu akamwambia, "Basi uza mboga, ile inajieleza." Tangu jana kibanda chake kimefungwa.

Uje. Nimetoa magunia ya mahindi kwenye chumba kidogo.

Mama mukubwa wako,
Clotilde


Katuba, 9 Agosti

Mama mkubwa,

Barua yako Maman Virginie ameisoma kabla yangu, kwa sababu Kapya alimpa yeye. Alipofika kwenye swali la yule mzee alicheka mpaka akakaa kwenye kitambaa cha mteja. Baadaye aliniita nyuma ya atelier na kuniambia ananipa ruhusa ya siku tatu, na kwamba kama nikipewa darasa nisirudi kuomba msamaha kwa kuondoka.

Nitafika Jumatano na lori. Nimesoma programu yote ya mwaka wa tano, kuanzia hesabu hadi sayansi. Nilijijaribu tena jana. Sikujipa asilimia safari hii. Nilisimama mbele ya cherehani nne za atelier na kufundisha, na fundi mmoja aliuliza swali la kweli.

Uliyoyafanya Jumapili sikuyategemea. Asante.

Syntiche


Kasomeno, 20 Agosti

Mwalimu,

Darasa la tano ni lako. Direkta David amesema leo asubuhi, ameweka na sahihi, nami nimeishika karatasi kwa mikono yangu. Nilimwomba ayaseme tena mbele ya Padri. Alicheka, lakini aliyasema.

Ulirudi Lubumbashi Ijumaa ukiwa na mashaka juu ya swali la kile kitoto, Plamedie, na nilishindwa kukujibu kwa sababu Kapya alikuwa anawasha injini. Sasa nakueleza, maana nilikuwa dirishani na uso wa Direkta niliuona, wewe ulikuwa umempa mgongo.

Alipokupa somo la samaki na jinsi anavyopumua, nilidhani amekuonea. Watoto wa hapa wamezaliwa kwenye samaki. Ulichora mashavu ya samaki ubaoni, ukawafanya wafungue na kufunga mikono kama mashavu yale, hata mimi nilifanya, na jirani yangu wa dirishani akanipiga kofi nisimzuie kuona. Direkta alikuwa ameegemea ukuta, mikono amekunja. Hapo Plamedie akauliza: samaki analala lini, na mbona hafungi macho?

Nilisema moyoni, sema chochote, mwanangu, nani atajua. Nawe ukasema, "Sijui. Mimi pia nataka kujua." Ukaliandika swali ubaoni, ukampa kila mtoto kazi ya kumuuliza mtu mmoja mpaka kesho yake, mvuvi, mama, au mzee. Ukajiandika na wewe mwenyewe mwishoni mwa orodha.

Direkta akakunjua mikono. Hilo ndilo ulilokosa kuliona. Leo nimemuuliza ni nini kilichomgeuza, kama ni mchoro au ni sauti. Alijibu hivi: "Mutu ya kununua majibu hawezi kusema sijui mbele ya watoto. Ataogopa. Huyu hakuogopa."

Nilitaka kumwambia kwamba uliogopa sana, mwezi wa Mei. Nikaona si kazi yangu.

Watoto wa katekisimu wamefika kwangu kila asubuhi tangu uondoke, wanataka kukupa majibu. Yanapingana. Nimewaambia wayaweke vichwani mwao mpaka uje. Wamama wawili wa soko nao wameniuliza, kwa sauti ya chini, kama simu zao zinaweza kufundisha kusoma. Mmoja wao ndiye aliyekucheka Machi. Nimewaambia waje kwangu Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa nane mchana, na mimi nitakaa nao, kwa sababu nina mwaka wa tatu wa sekondari ambao sikuufanya.

Kapya ataondoka hapo mjini, Kampemba, Jumamosi, tarehe 30 Agosti, saa kumi na mbili asubuhi. Amekuwekea nafasi mbele. Direkta anataka kukuona Jumapili baada ya misa kwa funguo na daftari la mahudhurio. Masomo yanaanza Jumatatu, 1 Septemba, saa moja na nusu, watoto arobaini na watatu.

Clotilde